Mimi, Yeye na Pikipiki Inayoimba

Laazizi wako akianza kuongelea wati, omu na prosesa kila mkikaa mezani, usikimbilie kununa. Chukua kalamu upige hesabu. Mwandishi wetu alichelewa kufanya hivyo, akajikuta amesimama Chalinze usiku na helmeti mkononi.

Mpenzi msomaji, naomba nianzie Chalinze, maana ndiko mambo yalikoharibikia.

Tulikuwa tunarudi Dar kutoka harusini Morogoro. Mume wangu ana pikipiki kubwa ya safari, ile aina yenye kava pana la mbele, kioo cha kukinga upepo na mabegi magumu mawili pembeni ya tairi la nyuma. Mkono wa pili, imetoka Dubai. Tukasimama kula nyama choma. Mista wangu akazima injini, akaacha muziki unapiga. Watu wakasogea, vijana wakapiga picha, mtu mmoja akamnunulia soda. Yeye kifua mbele! Tulikaa hapo kama saa moja na robo. Tulipotaka kuondoka, akabonyeza stata. Tik tik tik. Kimya.

Saa tatu usiku, mimi nina gauni la harusi chini ya jaketi, na betri imekufa kabisa. Dereva wa Noah alitusaidia na waya za kubusti. Tukafika nyumbani saa sita na ushee bila muziki na bila maneno. Na ndani ya nyumba ile kimya kiliendelea wiki tatu.

Maana kilichoniuma haikuwa betri. Wakati tunasubiri hiyo Noah nilimuuliza, kwa upole kabisa, hii mitambo yote uliyofunga ilikugharimu kiasi gani? Akajikuna kichwa. Akasema milioni mbili na laki sita. Nikauliza zimetoka wapi. Akaangalia barabarani kana kwamba jibu linakuja na basi la Dodoma. Si unajua tena. Zimetoka kwenye akaunti yetu ya kiwanja.

Ilivyoanza

Kwa haki yake niseme, hakuanza na ujinga. Redio iliyokuja na pikipiki ilikuwa inasikika vizuri tukiwa Mwenge kwenye foleni. Tukishatoka Kibaha mwendo ukapanda, huyo mwimbaji unamwona kwenye kioo cha redio lakini humsikii. Upepo unammeza. Kila mwenye pikipiki ya safari anaijua shida hii, na viwanda vinaijua. Honda Gold Wing iliingia sokoni 1975 bila redio. Miaka ya themanini ndipo pikipiki za aina hiyo zikaanza kuonekana kama sebule yenye magurudumu. Mwaka 2021 Harley-Davidson ilitangaza kushirikiana na Rockford Fosgate, watu wa spika za magari, na mwaka huohuo BMW ikatoa R 18 Transcontinental yenye spika za Marshall, wale wa magitaa. Kwa hiyo ugonjwa wa mume wangu si wa peke yake.

Alichofanya ni kile wanachofanya wanaume wengi. Alinunua amplifaya. Boksi limeandikwa WATI 2000 kwa herufi kubwa za dhahabu. Akanunua spika nne, mbili za mbele na mbili za kwenye vifuniko vya mabegi. Sauti ikawa kubwa kweli, lakini inachoma masikio kama mtu anakuna sufuria kwa kijiko. Akaongeza zaidi. Baada ya siku kumi na kitu twita moja ya mbele ikaungua. Akanunua nyingine, na amplifaya ya pili juu yake, akiamini kwamba ya kwanza ilikuwa haina nguvu.

Nikamfuata fundi mwenyewe

Wiki ya tatu ya kimya nikachoka. Mimi ni mhasibu, na mhasibu hawezi kulala na namba asizozielewa. Nikaomba ufunguo wa pikipiki, nikamwambia mume wangu tunakwenda wote kwa fundi mwingine, siyo yule aliyeifunga. Huyu anafanya kazi uani kwa watu, Ilala, kijana mpole, meza yake safi kuliko ya daktari. Alichukua multimita kabla hajachukua bisibisi. Hapo nikampenda.

"Shemeji, hizi wati elfu mbili ziko wapi?" akauliza akicheka. Akachomoa fyuzi ya amplifaya akanionyesha. Imeandikwa 30. Akasema tupige hesabu wote. Umeme wa pikipiki injini ikiwaka ni kama volti 13.8. Zidisha kwa ampea 30, unapata wati 414. Hizo ndizo nyingi kabisa zinazoweza kuingia kwa muda bila fyuzi kukatika. Na si zote zinazotoka kwenye spika. Amplifaya yetu ilikuwa ya darasa AB, na hizo nusu au karibu nusu ya umeme zinaugeuza kuwa joto. Kwa hiyo kwenye spika nne zinafika kama wati mia mbili na kitu. Hamsini kila moja!

Wati 2000 zimekuwa 200 mbele ya macho yangu. Nimeona mahesabu ya kampuni yakipikwa, lakini haya yalikuwa yameiva mpaka yameungua.

Dada unayesoma, ukitoka na chochote kwenye makala hii basi toka na hilo. Usisome namba kubwa ya kwenye boksi, maana hiyo ni ya kilele, labda ya sekunde moja, labda ya ndotoni. Tafuta palipoandikwa RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, kisha tazama fyuzi. Amplifaya za darasa D ndizo zinazofaa pikipiki: ni ndogo, hazichemki sana, na asilimia 80 au zaidi ya umeme zinaoula zinaupeleka kwenye spika.

Halafu fundi akatuambia jambo ambalo mume wangu aliomba arudie. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linatambua kwa shida. Ili muziki usikike kama umekuwa mkubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hiyo ni wati mara kumi! Kutoka wati 25 za redio yetu ya kiwandani mpaka 75 ni desibeli zisizofika 5. Njia ya bei nafuu ni kuchagua spika inayoitikia vizuri. Kwenye karatasi yake kuna namba ya desibeli kwa wati moja. Spika ya 92 inakupa kwa wati moja kile ambacho ya 88 inakupa kwa wati mbili na nusu. Namba hiyo haiandikwi kwa dhahabu, ndiyo maana hakuna anayeitazama.

Betri nayo ikasomwa

Akawasha injini bila muziki, multimita kwenye betri. Volti 13.9. Akasema vizuri, inachaji, maana inatakiwa icheze kati ya 13.5 na 14.5. Akafungulia muziki mpaka juu, injini ikiwa sailensa. Namba ikashuka, 13, 12.6, ikatulia 12.2. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma kama 12.7. Maana yake hata injini ikiwa inawaka, sisi tulikuwa tunakula akiba.

Mimi nikaelewa palepale. Matumizi yamezidi mapato! Betri yetu ni ya ampea-saa 20. Amplifaya mbili zikipigwa kwa nguvu zilikuwa zinavuta kama ampea 15 kwa wastani. Gawanya. Saa moja na dakika ishirini betri iko tupu, na stata inagoma muda mrefu kabla ya hapo. Tulikaa Chalinze saa moja na robo. Nikamtazama mume wangu. Akatazama viatu vyake.

Waya nao walikuwa na kesi yao. Yule fundi wa kwanza alitumia waya mnene wa kupendeza, lakini huyu alipokwangua kidogo kwa kisu, chini ya rangi ya shaba ukatokea weupe. Alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kama asilimia sitini tu ya shaba halisi, na kwenye mtikisiko wa pikipiki inakatika upesi. Tena fyuzi kuu ilikuwa imefungwa kule kwenye amplifaya, siyo karibu na betri. Inatakiwa isizidi sentimeta 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu waya ukichunika njiani ukagusa chasisi, ile sehemu isiyolindwa inawaka moto. Na mimi hukaa juu ya waya huo. Hapo sikucheka.

Prosesa, kisanduku kisicho na mbwembwe

Sasa tuje kwenye kitu kilichobadilisha mambo. Ni kisanduku kidogo, hakina taa za rangi, hakina maandishi ya dhahabu. Mafundi wanakiita DSP, yaani prosesa ya sauti ya kidijitali. Inakaa kati ya redio na amplifaya. Redio inaongea, prosesa inasikiliza, inasahihisha, ndipo amplifaya inapaza. Unaipangia kwa simu kupitia Blututhi.

Kwa nini ihitajike? Kwa sababu redio nyingi za kiwandani haziongei ukweli. Zimepangwa kwa ajili ya spika ndogo zilizokuja nazo, na kadiri unavyoongeza sauti zinapunguza besi taratibu ili spika zisipasuke. Ukiunganisha amplifaya hapo moja kwa moja, unapaza uongo. Ndiyo ile sauti ya kukuna sufuria.

Fundi alianza na kukata. Spika za mbele akazizuia zisipokee chochote chini ya hezi 100. Mume wangu akaruka, "Besi yangu!" Fundi akamwambia, bro, kelele ya upepo nyingi iko huko chini, kwa hiyo besi hiyo huisikii ukiwa barabarani, lakini spika inahangaika nayo na kumaliza nguvu. Mwondolee mzigo uone sauti za waimbaji zitakavyokuja mbele. Spika za kwenye mabegi ni kubwa kidogo, akaziachia zishuke mpaka 70.

Kisha akapiga ule mvumo wa shwaaa kama mvua kwenye bati, akashika simu pale kichwa cha dereva kinapokaa, na kwenye kioo tukaona mlima umesimama kati ya hezi 3,000 na 4,000. Ndiko sikio la binadamu linakoumia upesi. Akaupunguza desibeli nne. Nilisikia mabega yangu yakishuka yenyewe.

Halafu akauliza swali. "Shemeji huwa anakaa wapi?"

Mume wangu akasema, anakaa nyuma, atakaa wapi tena?

Fundi akaniomba nipande. Akaweka simu pembeni ya sikio langu, akarudia ule mvumo. Kwenye kiti changu sauti ilikuwa juu kuliko ya dereva kwa desibeli saba! Spika za mabegi zilikuwa zinanipiga mgongoni na masikioni, sentimeta hamsini tu kutoka kichwani. Kila nilipokuwa nikimgonga begani apunguze, yeye alikuwa anaona naringa. Kwake zilikuwa za kawaida. Hatukuwa tunasikia wimbo mmoja.

Hakusema kitu. Alinishika goti tu, hivi, akaliachia. Wiki tatu za kimya zikaanzia kuisha pale uani.

Fundi akafanya mipango miwili ndani ya prosesa. Mmoja wa yeye akiwa peke yake, ambapo spika za mbele zimecheleweshwa kidogo ili sauti zao na za nyuma zifike sikioni kwake kwa pamoja. Sauti hutembea mita moja kwa milisekunde kama 2.9. Spika za nyuma zilikuwa mbali naye kwa sentimeta thelathini zaidi, kwa hiyo za mbele zikasubirishwa milisekunde 0.9. Inaonekana kichekesho, lakini ukiisikia utaelewa: mwimbaji anasimama sehemu moja badala ya kusambaa. Mpango wa pili ni wa wawili, na ndani yake spika za mabegi zimeshushwa desibeli 6. Kwenye simu ameziandika YEYE na NYIE.

Mwisho akaseti amplifaya kwa multimita, siyo kwa sikio. Akachomoa spika, akapiga toni ya hezi 1,000 kutoka kwenye simu, redio ikiwa robo tatu ya sauti yake. Kwa wati 75 kwenye spika ya omu 4, unazidisha namba hizo, unapata 300, kipeuo chake cha pili ni 17.3. Basi akazungusha kile kitufe cha kuongezea mpaka multimita ikasoma volti 17.3, akaacha hapohapo, akakipaka tone la gundi. Ukizidisha, vichwa vya mawimbi vinakatwa, na mawimbi yaliyokatwa vichwa ndiyo yaliyounguza ile twita yetu.  Iliungua kwa nguvu chafu.

Na ile amplifaya ya pili? Akaifungua akaiweka mezani. Zile mbili za zamani akabadilisha na moja ya darasa D ya njia nne. Moja tukaiuza kwa hasara, nyingine ipo stoo.

Masikio hayana spea

Kuna jambo mume wangu hakuniambia mpaka siku ile. Baada ya kila safari ya Morogoro alikuwa analala na mlio wa nyiii masikioni. Alidhani ni uchovu.

Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, NIOSH, wanasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 88 ni saa nne. Kwenye 100 ni dakika kumi na tano, basi. Sasa fikiria: ukienda kilomita 100 kwa saa, upepo peke yake ndani ya helmeti unaweza kukaribia hizo 100. Ili muziki uushinde upepo lazima upande juu yake. Kwa hiyo hata amplifaya nzuri kuliko zote haina dawa ya hilo, na chembe za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Tunavaa vizibo vya masikio siku hizi, vile vya sponji vya madukani. Vinapunguza upepo na muziki pamoja, lakini sikio lisipoelemewa linatofautisha maneno vizuri zaidi. Honi ya lori bado tunaisikia. Wapo wanaotumia vispika vya ndani ya helmeti, kina Cardo na Sena, ambavyo mnaweza hata kuongea njiani. Ni bei ndogo kuliko mitambo yetu yote na betri ya pikipiki haiguswi. Nilimpa mume wangu wazo hilo. Alinitazama kama nimemwambia tuuze pikipiki tununue punda.

Na ndugu zangu wa bodaboda, mliofunga spika mbili kwenye usukani wa pikipiki ya cc 125: nawapenda, mnatuchangamsha asubuhi. Lakini betri zenu ni ndogo kuliko yetu mara nyingi, kwa hiyo kile kisa cha Chalinze kwenu kinaweza kutokea Tabata kituoni. Na abiria wa nyuma naye ana masikio. Wenzetu Kenya wana kanuni za kelele tangu 2009, na mwenye kupaza spika mtaani anaweza kujikuta ana kesi.

Hesabu za mwisho

Nilifungua daftari tukiwa bado uani. Prosesa, amplifaya mpya, waya za shaba na kazi ya fundi, jumla milioni moja na laki moja. Kama angeanza na hivyo na spika nzuri, asingefika hata milioni mbili kwa yote. Jumla aliyotumia ni milioni tatu na laki nne, ukitoa laki tatu za ile amplifaya tuliyouza. Nilimwonyesha. Hakubisha. Alikubali kurudisha kwenye akaunti ya kiwanja laki mbili na nusu kila mwezi, kutoka kwenye posho zake, na kuanzia sasa chochote kinachozidi laki tatu tunakaa mezani kwanza. Mimi nami nilikubali kwamba pikipiki si mke mwenza. Niliwahi kuiita hivyo mbele ya mama yake, na nilikosea.

Jumapili iliyofuata tukaenda Bagamoyo kwa mpango wa NYIE. Baada ya Bunju barabara ilifunguka, akaongeza mwendo kidogo, na kwa mara ya kwanza nilisikia maneno ya wimbo mpaka mwisho bila kumgonga mtu bega. Tulipofika ufukweni alizima injini, akazima na muziki bila kuambiwa, akaangalia kile kimita kidogo cha volti alichofungiwa kwenye usukani. 12.7.

Amesharudisha miezi mitano. Juzi ameniambia kuna sabufa nyembamba ya inchi nane inayoingia ndani ya begi la kulia bila kukata kitu, inatumia ampea chache tu, na kwamba ameshaongea na fundi. Nimemwambia sawa, aje mezani na karatasi yake, aonyeshe RMS na fyuzi. Na risiti ya kiwanja ya mwezi huu aje nayo pia.